Deni la Mwanamke wa Magwagwa

Mpaka leo simu ikilia na sauti ya kijana ikaniita "mpendwa mteja," najiona nimechafuka. Sisemi hivyo kwa mapambo. Huwa naweka simu chini, nanawa mikono, na ndipo naweza kushika chakula tena. Watu wa nyumbani wamezoea kunicheka. Mimi sioni cha kuchekesha.

Mimi ni mfanyabiashara wa ndizi pale Keumbu. Nanunua mikungu kwa wakulima, naipanga kando ya barabara, na lori hupita kuichukua kwenda Nairobi. Kazi hii ni ya simu. Dereva leo ni huyu, kesho ni mwingine. Mkulima ameazima simu ya jirani, mnunuzi amebadilisha laini. Namba nisiyoijua ndiyo inayonilisha, kwa hiyo siwezi kufanya kama wale wanaojigamba kwamba wao hawapokei namba za watu wasiowajua. Nikijaribu hivyo, mikungu itaiva hapo hapo barabarani nikiitazama.

Nyumbani kwangu ni juu kidogo ya Nyamache, nilikoolewa. Mume wangu anafanya kazi Nakuru, huja mwisho wa mwezi. Mzee, yaani baba mkwe wangu, nyumba yake iko upande wa chini wa boma, karibu na shamba lake la chai. Mke wake alifariki zamani kidogo, na tangu hapo ni mimi ninayempikia.

Lazima nieleze jinsi tunavyoishi mimi na huyu mzee, la sivyo hakuna atakayeelewa kwa nini simu za watu wajinga ziliniumiza kiasi kile. Kwetu Gusii, baba mkwe na mkamwana wana heshima kati yao, inaitwa ensoni. Si heshima ya mdomo tu. Mzee haingii nyumbani mwangu. Tangu niolewe hajavuka kizingiti, hata mvua ya mawe ikinyesha atasimama nje chini ya paa. Hatushikani mikono na hatutaniani. Mambo ya mwili, mambo ya aibu, ugomvi wa ndoa, hayatajwi mmoja wetu akiwa mahali anapoweza kusikia. Mlevi akipita njiani akianza maneno yake, mmoja wetu hukumbuka kazi ya haraka upande mwingine wa boma. Vijana wanaona huo ni ushamba. Mimi nimeishi ndani yake nikaona ni njia nzuri ya watu wawili kupendana bila kusumbuana.

Kila asubuhi alikuwa akija uani, anasimama karibu na migomba, anakohoa ili nijue yupo. "Bwakire," anasema, ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Mimi natoka na kikombe chake cha uji, naweka juu ya kigoda, narudi nyuma. Tunazungumza juu ya mvua, ng'ombe, na yule karani wa kituo cha chai ambaye mizani yake haikuwahi kumpendelea mkulima. Basi, hatuendi zaidi ya hapo. Lakini nilijua mtu huyo ananiona mwanamke mwema. Hakuwahi kulisema, na sikuhitaji aliseme. Nilijivunia jambo hilo kuliko mali yoyote niliyowahi kuipata, na ndilo walilokuja kulichezea.

Ilianza na laini. Simu ya mzee ilimtoka mfuko wa shati ikatumbukia chooni, na malipo yake ya chai huingia kwa simu. Kitambulisho chake kilikuwa kimefutika maandishi, ameomba kipya hakijafika. Kwa hiyo akaniomba, macho yake yakiwa kwa ng'ombe, kama ningeweza kumnunulia laini kwa kitambulisho changu. Nilinunua Keumbu kwa msichana anayekaa chini ya mwavuli. Ilikuwa laini mpya kabisa, bado imefungwa kwenye plastiki yake.

Kumbe laini huwa mpya na namba ikawa kuukuu. Sikujua kwamba namba ikiachwa na mwenyewe, kampuni huiweka kando kwa muda halafu huiuza tena kwa mtu mwingine. Namba ya mzee ilikuwa ya mwanamke fulani wa Magwagwa, huko Nyamira, aliyekopa kwa zile programu za mikopo ya simu, akashindwa kulipa, akaitupa laini. Simfahamu mwanamke huyo na sina neno naye. Nikikumbuka jinsi walivyonisemesha mimi, naelewa kwa nini alitupa laini.

Simu ya kwanza kwangu ilinikuta nikibishana na dereva juu ya mikungu iliyochubuka.

"Mpendwa mteja, habari yako. Unalipa leo ama unalipa kesho?"

"Nalipa nini?"

"Usianze hizo. Mkopo wako umechelewa sana. Tunajua uko na duka ya nguo hapo Magwagwa."

"Ndugu yangu, Magwagwa mimi huenda kwa mazishi peke yake. Umekosa namba."

"Sijakosa. Ile namba ulikopea tumeipigia ikashikwa na mzee. Mzee amesema laini si yake, ilinunuliwa na bibi ya kijana yake. Ni yeye ametupatia hii namba yako. Kwa hivyo wacha kutuzungusha."

Nilisahau dereva, nikasahau ndizi. Nikamwuliza mzee wamemwambia nini.

"Tumemwambia ukweli," akasema, na akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha mtu aliyeshiba.

Kutoka siku hiyo hawakuniacha. Leo ananipigia msichana mwenye sauti laini anayesema anataka kunisaidia, kesho mwanamume anayejiita wakili, kesho kutwa mwingine anayesema yuko njiani kuja kubeba viti vyangu. Wote walikuwa na haraka moja na dharau moja. Niliwaeleza kwa upole mwanzoni, maana nililelewa hivyo: jina lenu silo langu, kitambulisho chenu sicho changu, laini nilinunua juzi. Walikuwa wanasikiliza mpaka mwisho, kisha wanauliza, "Kwa hivyo unalipa lini?" Ukizungumza na ukuta angalau ukuta haukujibu upuuzi.

Mimi ni Msabato. Ijumaa jua likizama nazima simu, naiwasha Jumamosi jioni. Hata hilo waliligeuza ushahidi. "Tumekuona, mama," mmoja aliniambia Jumapili asubuhi, "kila wikendi unajificha. Mtu hana deni hazimi simu." Nikamwambia mimi huwa kanisani. Akajibu kwamba wote wanaokula pesa ya watu huwa kanisani. Nilikata simu kwa hasira, kisha nikashindwa kula.

Karibu na ninapouzia ndizi kuna mama wa Kiislamu mwenye duka la vitambaa. Familia yao ilianzia biashara Kisii mjini, yeye akaja kufungua tawi Keumbu. Ndiye aliyeniokoa nisifanye kosa kubwa zaidi, kwa sababu msichana yule mwenye sauti laini alikuwa ameniomba namba ya kitambulisho changu "ili tukutoe kwa mfumo," nami nilikuwa tayari nimekishika mkononi.

"Weka hicho ndani, dada yangu," aliniambia. "Saa hii wewe ni mtu wamekosea. Ukiwapa namba yako utakuwa mteja wao kabisa."

"Sasa nifanyeje?"

"Waambie wakuonyeshe karatasi ya mkopo yenye jina lako. Kila siku waambie hilo tu. Wakishindwa, wafuate ofisini kwao."

Niliwaambia hivyo, na ndipo wakakasirika wakaanza matusi. Yule aliyejiita wakili aliniambia kwamba wanawake wa aina yangu anawajua, kwamba pesa nimemalizia wanaume kwenye vyumba vya kulala wageni, na kwamba niende kwa mmoja wao anilipie. Alilisema hilo polepole, akilifurahia. Nilijisikia kama niliyemwagiwa maji ya choo katikati ya soko. Kisha wazo jingine likanijia. Kama ananiambia mimi hivi, mzee amemwambiaje?

Jibu sikulipata kwa maneno, kwa sababu mzee asingeweza kuyatamka maneno kama yale mbele yangu hata angetishwa kwa panga. Lakini nililiona. Asubuhi moja hakuja kwenye migomba. Nilingoja kikohozi chake mpaka uji ukafanya utando juu. Nikatoka, nikamwona kule chini kwenye lango, amenipa mgongo.

"Uji uweke hapa kwangu mlangoni," alisema kwa sauti ya kunifikia. "Nitauchukua."

Ikawa hivyo. Naweka uji kwenye ngazi ya nyumba yake, naondoka, ndipo anatoka. Tukikutana kwenye njia ya shambani anaingia kati ya mistari ya chai kunipisha, mzee mzima, majani yakimlowesha suruali. Si kwamba alikuwa ananichukia. Mtu akimchukia mwenzake humwangalia. Yeye alikuwa ameona aibu kwa niaba yangu, na aibu hiyo haikuwa yangu, ilikuwa ya kijana fulani asiyenijua aliyekaa na vifaa vya kusikilizia masikioni. Nilikuwa nikifikiria hivyo nikipika, chakula kinaungua.

Nilijaribu mara moja. Nilimkuta akikagua mguu wa ng'ombe, nikasimama mbali inavyopasa. "Tata," nikamwita, maana ndivyo tunavyomwita baba, "wale watu waliokupigia simu..."

Aliinua kiganja. "Huyu ng'ombe ana kupe," alisema, akaondoka na hakurudi mpaka nilipotoka pale. Sikumlaumu. Mambo yale hayakuwa ya kuzungumzwa na sisi wawili. Yalihitaji mtu wa katikati, na mtu wa katikati alikuwa Nakuru.

Nilimpigia mume wangu nikamweleza yote kuanzia kwenye laini. Alinisikiliza vizuri. Mwishowe akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Lakini kweli hukukopa?"

Niliitoa simu sikioni nikaitazama.

"Nauliza tu," akasema. "Nijue cha kumwambia mzee."

"Mwambie mkewe hakukopa."

"Sawa. Nitamwambia."

Na alimwambia. Alinipigia kesho yake kuniarifu kwamba mzee amesikiliza, hakuuliza swali hata moja, amesema ameelewa. Sasa ninajua alichoelewa. Alielewa kwamba mwanawe ni mume mwema anayemfichia mkewe aibu, kama mume mwema anavyopaswa kufanya.

Nikaamua kuwafuata ofisini. Ofisi yao ilikuwa Kisii mjini, ghorofani, juu ya duka la magauni ya harusi. Ngazi zilinuka mkojo na marashi. Nilitarajia kukuta watu wenye sura za kikatili, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi: walikuwa watoto wa watu. Chumba kizima cha vijana waliovaa vizuri, kila mmoja na kompyuta yake, wakitukana watu huku wakila mandazi. Mmoja alikuwa akimwambia mtu, "Mama yako akifa utamzika na nini?" na mkono mwingine anachovya andazi kwenye chai. Lafudhi yake ilikuwa yetu kabisa. Kwao si mbali na kwetu. Ana baba mkwe mahali, au atakuwa naye siku moja.

Mkubwa wao alikuwa msichana mwenye kucha ndefu za kubandika. Nilimwonyesha kitambulisho changu nikiwa nimekishika mwenyewe. Alibonyeza kompyuta yake, akaangalia, akaangalia tena.

"Ni kweli," alisema. "Si wewe. Huyu wetu ana jina ingine."

"Hilo jina umeliona kwa kuangalia mara ngapi, mwanangu? Mimi nimewaambia mpaka nikachoka."

"Pole, mama. Hawa vijana wanafuata tu namba ya simu. Tutakutoa."

"Mtamwambia mzee wangu kwamba si mimi?"

Alinitazama kama niliyemwomba anipigie deki nyumbani. "Hiyo si kazi yetu. Tutaacha tu kupiga."

Nilisisitiza. Nikamwambia kijana wao mmoja amemwambia baba mkwe wangu maneno ambayo kwetu mtu akiyasema mbele ya mkwe huombewa. Akasema simu hurekodiwa na hakuna mfanyakazi wao anayetukana. Nyuma yake yule wa mandazi alikuwa bado na mama wa mtu mdomoni.

Lakini simu ziliisha. Siku chache tu baada ya kushuka zile ngazi, kimya. Namba ngeni ikilia inakuwa dereva, inakuwa mkulima wa Nyamache, inakuwa mtu anayetaka ndizi za kweli. Nilivimba kichwa, sifichi. Nilimsimulia mama wa vitambaa jinsi nilivyowapeleka mbio, nikaongeza chumvi hapa na pale, na yeye akaniletea chai ya tangawizi kunipongeza. Wanawake wa pale sokoni walianza kuniletea simu zao wakisumbuliwa, niwafundishe cha kusema.

Na mzee alirudi kwenye migomba. Nilisikia kikohozi asubuhi moja nikakimbia na kikombe kama msichana. Alikuwa mpole kuliko zamani. Aliuliza kama nimelala vizuri, jambo ambalo hakuwa akiliuliza. Siku nyingine aliniachia maparachichi juu ya kigoda, yameiva vizuri, bila kusema ni ya nani. Alikuwa akinisemesha taratibu, kama mtu anavyomsemesha anayepona ugonjwa. Niliona ni furaha ya mambo kurudi yalivyokuwa. Nilimshukuru Mungu kanisani, kwa sauti, watu wakaitikia.

Jambo moja tu halikukaa sawa. Yule mtamba wake, ng'ombe mchanga ambaye hajazaa na ambaye alikuwa akimsifu kila asubuhi, hakuwepo zizini. Nilipouliza, alisema amemuuza kwa sababu majani ya ng'ombe yamepungua. Majani yale yalikuwa yamenifika kiunoni. Lakini mkamwana hamwulizi baba mkwe maswali mawili juu ya ng'ombe wake, kwa hiyo nikanyamaza nikaenda kazini.

Kisha simu ikalia. Ilikuwa mchana, lori limejaa, nimekaa juu ya gunia nikipumua.

"Mpendwa mteja, habari yako! Tunakushukuru kwa kumaliza mkopo wako."

Ilikuwa sauti ya yule wakili. Safari hii ilikuwa tamu.

"Mkopo gani? Ofisi yenu ilikubali si mimi."

"Hiyo imeisha, mama, usijali. Mzee wenu ni mtu mzuri sana. Alitupigia mwenyewe akauliza ni pesa ngapi, akalipa yote na faini yake. Wazee kama hao wamebaki wachache."

Niliuliza alilipa lini. Akaniambia. Ilikuwa baada ya mimi kupanda zile ngazi. Mkubwa wao alikuwa tayari ameangalia kompyuta na kusema kwa kinywa chake kwamba si mimi.

"Mlijua," nikasema. "Mlijua si mimi, na mkachukua pesa ya mzee."

"Mama, kulipa ni kulipa. Sasa uko safi."

"Mimi sikuwa mchafu!"

Watu walinigeukia. Sikujali. Nikamwambia arudishe pesa ile leo, saa hii, kwenye simu ile ile. Akasema mfumo haurudishi, mzee alilipa kwa hiari yake kwa niaba ya mteja. Kwa hiari! Mtu ametukaniwa mke wa mwanawe mpaka ameuza ng'ombe ili matusi yakome, na hiyo wanaiita hiari. Halafu akaniambia lile ambalo mpaka leo hunifanya ninawe mikono. Aliniambia kwamba kwa vile deni limelipwa vizuri, kiwango changu kimepanda, na nikitaka anaweza kunitumia mkopo mwingine sasa hivi, mkubwa kuliko ule.

Nilitapika nyuma ya gunia. Mama wa vitambaa ndiye aliyenishika mabega.

Nilirudi kwenye ile ofisi ya ghorofani. Mwenye kucha alisema atauliza. Niliandika malalamiko kwa wakubwa wa serikali wanaoshughulika na mambo kama hayo, nikajibiwa kwamba yamepokewa. Huenda bado wanayapokea. Lakini hata mtamba angerudi na kamba yake shingoni, si yeye aliyekuwa ananikosesha usingizi. Nilichokuwa nakiona nikifumba macho ni yale maparachichi juu ya kigoda na ile sauti ya taratibu. Haikuwa furaha. Mzee hakuwa amejua kwamba mimi ni mwema. Alikuwa amenisamehe.

Mume wangu alisema nimngoje aje mwisho wa mwezi azungumze na baba yake uso kwa uso. Nilikataa. Alikuwa amezungumza mara ya kwanza na akaaminika kama mume. Nilitaka mzee asikie kutoka mdomo wangu mwenyewe, ensoni au hakuna ensoni. Asubuhi iliyofuata, alipokohoa, nilitoka mikono mitupu. Nilisimama mbali, lakini nilimwangalia usoni, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Nikagundua ana jicho moja lenye ukungu.

"Tata," nikasema, "nimejua ulilipa. Lile deni halikuwa langu. Ni la mwanamke wa Magwagwa aliyekuwa na namba yako zamani. Sijakopa kwa simu maisha yangu yote. Wale watu wanajua. Walikudanganya."

Nilisema mengi zaidi. Nilieleza jinsi namba zinavyouzwa upya. Nilimwambia juu ya ofisi, kompyuta, jina lililo tofauti. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikifanana na mtu anayejitetea, na sauti yangu ilikuwa inapanda bila ruhusa yangu. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anafuatilia kwa fimbo yake mstari ardhini, akingoja nimalize, kwa subira ile ya mtu anayemhurumia mwenzake.

"Umenisikia, Tata?"

"Nimekusikia, mwanangu."

"Unaniamini?"

Alikuwa anatafuta jibu ambalo halitanivunjia heshima, niliona akilitafuta.

"Yule kijana alikuwa anasema maneno mabaya," alisema hatimaye, bado akiangalia chini. "Sikutaka ayaseme kwa mtu mwingine. Kwa hivyo nikamaliza. Yamekwisha. Hakuna mtu wa hapa nyumbani atakayekuuliza."

"Lakini sikukopa."

"Ndiyo," alisema kwa upole mkubwa. "Ndiyo. Kila mtu hupatwa."

Kila neno nililobakiwa nalo lingenifanya mdaiwa na mwongo pia, na lingemlazimu yeye anisamehe mara ya pili. Alikuwa amesimama jua likimpiga usoni, amevuka mpaka ambao hakuwahi kuuvuka tangu niolewe, kwa ajili yangu. Alitaka kuondoka. Alikuwa anangoja nimruhusu.

"Usirudie tu," akasema.

"Sitarudia, Tata," nikajibu.